Uzamili wa usanifu majengo, sanaa na lugha: fundo liko wapi?

Vyeti viwili vinaweza kubeba jina moja, Shahada ya Uzamili ya Usanifu Majengo, na wenye navyo wasiruhusiwe kufanya kazi moja. Marekani, mtu aliyesomea historia au fizikia katika shahada ya kwanza anaweza kuingia programu ya uzamili ya miaka 3 hivi na kutoka na shahada ya taaluma, ile inayoidhinishwa na bodi iitwayo NAAB na inayomfungulia njia ya leseni. Uingereza, kwa utaratibu uliozoeleka, safari imekatwa vipande: shahada ya kwanza ya miaka 3, kazi kwa muda, uzamili wa miaka 2, kazi tena, kisha mtihani wa mwisho. Afrika Kusini pia uzamili ndio mlango wa kusajiliwa. Kenya ilijenga nyumba hiyo kwa ramani nyingine. Kwa muda mrefu shahada ya kwanza, ya miaka 5 au 6, ndiyo iliyobeba taaluma, na uzamili ukawa wa utafiti au ubobezi kwa mtu ambaye tayari ni msanifu.

Tofauti hii ina gharama. Mhitimu wa jiografia au sanaa za uchoraji aliye Kisumu anaona tangazo la uzamili wa usanifu majengo unaosomwa kwa mtandao, analipa karo, anasoma miaka miwili nadharia na historia ya majengo, kisha anagundua kwamba hawezi kutia sahihi ramani ya hata nyumba ya vyumba vitatu. Hakudanganywa. Alinunua shahada ya nadharia, ya kufikiri juu ya majengo, akidhani amenunua ya kuyasanifu. Anayesajili wasanifu nchini ni Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji wa Ujenzi, inayojulikana kwa kifupi chake BORAQS, chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya. Bodi hutazama shahada inayoitambua, kazi iliyofanywa chini ya msanifu aliyesajiliwa, na mitihani yake yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi moja, iandikie Bodi ukitaja jina kamili la programu na chuo, uulize kama shahada hiyo inahesabika. Jibu la maandishi, si la simu.

Mipango miji ni mlango mwingine kabisa, ingawa mara nyingi hukaa nyumba moja na usanifu. Chuo Kikuu cha Maseno, kwa mfano, kina skuli ya mipango na usanifu majengo. Mpangaji miji husajiliwa na bodi tofauti, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, na kazi yake ya kila siku huongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwenye shahada ya kwanza ya jiografia aliyetaka "mambo ya miji" pengine hapa ndipo pake.

Upande wa sanaa na lugha vyeti havina utata wa leseni. Utata uko kwenye uzito. Katika ngazi za kitaifa za sifa za elimu, shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ya 8, uzamili wa 9 na uzamifu wa 10. Lakini ndani ya ngazi ya 9 mna uzamili wa kozi na tasnifu, uzamili wa kozi na mradi mfupi, na uzamili wa tasnifu pekee. Anayekusudia kuendelea hadi uzamifu achukue wa tasnifu, kwa sababu kamati za uzamifu huuliza mapema kama umewahi kubeba utafiti mzima peke yako. Anayetaka kupandishwa cheo shuleni au ofisini, mradi unamtosha, na hakuna aibu katika hilo.

Kuingia si kugumu. Shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu hupita moja kwa moja, na ya daraja la pili la chini kwa kawaida huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi katika fani inayohusiana. Kozi nazo, mihula miwili ya kukaa darasani, kuwasilisha na kufanya mitihani, karibu kila mtu huzimaliza. Wanaopotea hupotea baada ya hapo. Kengele ya darasa imenyamaza, pendekezo la utafiti halijaandikwa, na hakuna mtu anayeulizia. Mwalimu wa sekondari kutoka Siaya au Kakamega anarudi shuleni muhula unapoanza, na pendekezo linakuwa kitu cha likizo ya Agosti, kisha ya Desemba, kisha ya mwaka ujao.

Uvivu hauelezi sana jambo hili. Tatizo mara nyingi ni mada isiyo na mali ghafi.

Mali ghafi kabla ya mada

Katika fani hizi mwanafunzi hufundishwa kuanza na mada, akaongeza nadharia, ndipo akatafuta data. Sisi tunadhani mpangilio huo umepinduka. Anza na kitu unachoweza kukigusa: faili, jengo, mkanda wa nyimbo, soko, mzee anayejua. Mada itatoka humo. Ukianza na mada tupu utajikuta na kitu kama "Athari za ukoloni kwa usanifu majengo nchini Kenya", ambayo inahitaji maisha matatu na gari.

Ichukue hiyohiyo uishushe chini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka yenye veranda mbele. Baadhi ya maduka ya namna hiyo bado yako Oginga Odinga Street. Sasa swali linaweza kuwa: veranda ya duka ni ya nani? Mwenye duka anaifagia, serikali ya kaunti inaidai kama njia ya miguu, mshonaji ameweka cherehani yake pale. Chagua majengo 6, yapime, tafuta ramani zake za zamani, zungumza na wanaoyatumia. Hapo una tasnifu ya uzamili, na unaweza kurudi kazini kwako saa nane mchana.

Vivyo hivyo kwa lugha. "Uchanganyaji msimbo miongoni mwa vijana", yaani kuchanganya lugha katika mazungumzo, hauna mwanzo wala mwisho. Mabango ya vibanda vya soko la Kibuye, Kisumu, yaliyopigwa picha katika safu zilizochaguliwa kwa muda wa wiki mbili, yana mwanzo na mwisho: unajua ni mangapi, yameandikwa Kiswahili, Dholuo au Kiingereza, na nani aliyaandika. Nakuru kuna mtaa wa Bondeni na Kiswahili chake cha mjini. Kuna Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Kuna kasri la mlowezi Lord Egerton huko Njoro, lililojengwa kuanzia 1938 hadi 1954. Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kwa hili la mwisho, kumbuka kwamba eneo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kupiga picha na kuchora ni jambo moja; kuchimba hata shimo dogo kunadai leseni chini ya sheria ya urithi ya 2006, na kamati ya tasnifu haiwezi kukuondolea sharti hilo.

Jipime hivi: ukishaandika swali lako, andika chini yake mahali data ilipo, nani ana ufunguo, na saa ngapi mlango hufunguliwa. Ukishindwa kujaza mistari hiyo mitatu, mada bado.

Faili za Nyanza

Wa historia, na wa usanifu pia, wataishia Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa jijini Nairobi, katika jengo lililokuwa la benki pale Moi Avenue. Kabla ya kupanda basi, uliza vituo vya kumbukumbu vya Kisumu, Kakamega na Nakuru, maana baadhi ya majalada ya ofisi za mikoa hukaa huko. Mafaili ya mkuu wa mkoa wa Nyanza yana alama ya PC/NZA.

Mitego ya hapa ni ya mipaka na majina. Anayetafuta Kakamega ya 1930 chini ya Mkoa wa Magharibi hatapata kitu, kwa sababu mkoa huo haukuwapo. Kakamega ilikuwa ndani ya Nyanza, na wilaya iliitwa North Kavirondo. Anayetafuta Kisumu ya 1900 atapotea zaidi, kwani hadi 1902 eneo hili lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Barua za wakati huo zinafuata mkondo wa Entebbe na London. Tengeneza orodha ya majina yote ambayo mahali pako pamewahi kuitwa, pamoja na tahajia mbovu za makarani, uende nayo mezani.

Kila karatasi unayoinakili, andika papo hapo alama ya jalada, namba ya faili, tarehe ya barua, nani kwa nani. Picha ya simu yenye jina IMG_4471 haina thamani baada ya miezi sita. Piga picha ya jalada la nje kwanza, kisha kurasa zake kwa mfuatano, kisha jalada linalofuata; hapo mpangilio wa picha wenyewe utakukumbusha. Tasnifu nyingi za historia hurudishwa kwa sababu ya tanbihi zinazosema "Hifadhi ya Nyaraka, Nairobi" na kukomea hapo. Mtahini anataka kuweza kuliomba faili hilohilo.

Kupima jengo

Wasio wasanifu hudharau kazi hii, na wasanifu huifanya kwa haraka, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Siku ya kwanza acha tepu kwenye begi. Zunguka jengo, chora ramani yake kwa mkono kwenye karatasi ya A3, kwa penseli, vyumba vikiwa na uwiano wa kukadiria, kila mlango na dirisha ukiupa namba. Ukianza kupima kabla ya kuchora utaandika vipimo visivyo na pa kukaa.

Siku ya pili njoo na tepu ya mita 30, kipimo cha leza kama unacho, na mwenzako mmoja. Bandika sifuri ya tepu kwenye pembe ya ukuta, uiache hapo, usome kila ukingo kwa mfululizo: mwanzo wa dirisha 0.62, mwisho wake 1.52, mwanzo wa mlango 3.10, na kuendelea hadi pembe ya pili. Wengi hupima kipande kwa kipande, dirisha peke yake, ukuta peke yake. Ukikosea milimita 5 katika kila kipande na vipande ni 12, kosa linaweza kufika milimita 60, na ukienda kuchora, ukuta wa mbele hautalingana na wa nyuma.

Kisha pima mishazari. Chumba cha mita 4.20 kwa 3.60 chenye pembe mraba kina mshazari wa mita 5.53, ule na huu. Ukipata 5.47 upande mmoja na 5.59 wa pili, chumba kimelala. Majengo ya zamani hulala sana. Usiyanyooshe kwenye kompyuta ili yapendeze. Huenda ulalo huo ndio unaoonyesha kwamba duka la jirani lilikuwapo kwanza na hili likabanwa katika nafasi iliyobaki.

Unene wa ukuta upime kwenye uwazi wa mlango, ukikumbuka kwamba plasta ya pande zote mbili imo. Kimo kinahitaji mstari mmoja wa marejeo uliozunguka jengo zima, maana sakafu haiaminiki. Mpira wa maji wa fundi, ule wa plastiki unaopitisha mwanga, unatosha kabisa na ni wa bei ndogo. Hakikisha tu hauna povu la hewa ndani, kwa sababu povu moja huinua maji upande mmoja na mstari wote ukawa wa uongo. Weka alama ya penseli mita 1 juu ya sakafu ya mlango mkuu, ihamishe kila chumba, kisha pima juu na chini kutoka hapo.

Michoro ya ramani na mikato ichore kwa kipimo cha 1:50, ambapo chumba chetu cha mita 4.20 kinakuwa na milimita 84 kwenye karatasi. Kiungo cha nguzo ya mbao na paa la mabati kinahitaji 1:10 au 1:5. Ulichokiona chora kwa mstari kamili, unachokisia kuwa kipo ndani ya ukuta chora kwa mstari wa vipandevipande. Tofauti hiyo ndogo ya mistari ndiyo uaminifu wa mchoro, na watahini wazoefu huanzia hapo.

Boma la Kijaluo, dala, linahitaji utaratibu uleule, na huchorwa vibaya kuliko maduka. Vitabu vinakupa mpangilio wa jumla: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango, ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, wa tatu, pembeni, simba, yaani nyumba za wavulana, karibu na lango, duol, kibanda cha mwenye boma, na siwindhe, nyumba ya nyanya na wasichana. Wanafunzi huunakili mpangilio huo na kuuita utafiti. Lakini ukiambiwa nyachira yuko mkono wa kulia, ni kulia kwa nani, aliyesimama mlangoni kwa mikayi akitazama lango au mgeni anayeingia? Simama na mwenye boma, mwulize, chora mshale wa kaskazini. Pima umbali wa milango kutoka langoni. Boma la sasa lenye nyumba ya matofali na tangi la maji litakuonyesha sheria ipi bado inafuatwa na ipi imeachwa, na hapo ndipo palipo na tasnifu.

Sauti

Fasihi simulizi na muziki vina mali ghafi inayooza haraka. Rekodi kwa muundo wa WAV, si MP3. Saa moja ya WAV ya mkondo mmoja, biti 16, kiwango cha kilohezi 44.1, hula takriban megabaiti 318, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inakutosha kwa siku nyingi. Weka nakala mahali pawili jioni ileile. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, hugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, na njuga huwa mguuni. Kinasa sauti kikiwekwa chini karibu na mguu, mlio wa pete na njuga utazimeza nyuzi zote 8. Kiweke usawa wa kifua, mita moja hivi mbele yake, ujaribu dakika mbili, usikilize kwa vipokea sauti kabla ya kuendelea.

Kunukuu, yaani kuandika kilichorekodiwa, ndiko kunakovunja ratiba. Saa moja ya mazungumzo safi huchukua saa 4 hadi 8 kuandikwa, na ukiongeza tafsiri ya Lubukusu au Ekegusii kwenda Kiswahili, zidisha. Mwanafunzi aliyerekodi saa 40 kwa furaha ya uwanjani amejifungia miezi kadhaa ya kuandika. Saa 10 zilizochaguliwa vizuri zinatosha uzamili. Kwa maandishi, weka mistari mitatu: maneno yenyewe, tafsiri ya neno kwa neno, tafsiri huru. Na uamue mapema kuhusu toni, kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Tahajia ya kawaida ya Dholuo haionyeshi toni. Kwa uchambuzi wa maudhui si neno, lakini kwa isimu au muziki msomaji atakosa nusu ya jambo.

Matanga yana nyimbo nzuri kuliko pengine popote, na ndiyo mahali pa kuwa mwangalifu zaidi. Ridhaa ya mwimbaji haitoshi. Wafiwa nao wana neno. Nenda kwa msemaji wa familia kabla ya siku yenyewe, na ukikataliwa, shukuru uondoke. Kuhusu pesa, nauli na soda ni adabu, malipo kwa kila wimbo huzalisha nyimbo ambazo hazikuwapo. Andika katika sura ya mbinu ulichotoa na kwa nini.

Karatasi na mfuatano wake

Pendekezo hupita idarani, kisha kitivoni, kisha kwenye bodi ya masomo ya uzamili. Likishapita, unaenda kwa kamati ya maadili ya utafiti. Ukipata barua yao, unaomba leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya 2013, kwa njia ya mtandao. Leseni mkononi, unajitambulisha kwa kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na ofisi ya gavana, halafu chifu wa eneo. Kuruka hatua huonekana kama ujanja hadi siku chifu anapouliza karatasi mbele ya watu uliokwisha kuwahoji.

Makosa ya hapa ni madogo na ya kuchosha. Kichwa cha utafiti kwenye leseni hakifanani na kilicho kwenye pendekezo kwa sababu kamati ilibadilisha neno moja. Hati ya ridhaa imeandikwa Kiingereza pekee ilhali wahojiwa ni akina nyanya wa Seme. Kamati itairudisha, na ina haki. Leseni ni ya mwaka mmoja, mwanafunzi akachelewa, akakusanya data ya mwezi wa 13. Weka tarehe ya kwisha kwake kwenye kalenda ya simu miezi miwili mbele.

Msimamizi, nadharia, kufanana kwa matini

Wasimamizi kwa kawaida ni wawili, na wote wana mzigo wa madarasa. Sura ya kurasa 60 inayotumwa na maneno "Naomba maoni yako, Daktari" itakaa. Kurasa 10 zenye maswali matatu juu yake ("Je, jedwali la pili linathibitisha dai la ukurasa wa 6?") husomwa. Baada ya kila kikao, andika barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Wasimamizi wakipingana, na watapingana, barua hiyo ndiyo inayowakutanisha. Msimamizi akistaafu au akihamia chuo kingine, andikia idara wiki hiyohiyo kuomba mbadala. Adabu ya kungoja imewala watu miaka.

Nadharia hupewa kurasa 12 katika sura ya kwanza na kusahaulika. Kipimo chake ni rahisi: fungua sura ya nne, tafuta jina la nadharia yako. Lisipotokea katika uchambuzi, ama ulichambua bila nadharia au ulikuwa huihitaji. Ukweli ni kwamba tasnifu nyingi za lugha zingekuwa bora zikiwa na nadharia moja badala ya mbili zilizofungwa pamoja kama kuni.

Chuo kikiweka kikomo cha asilimia 20 cha kufanana kwa matini, mwenye tasnifu ya ushairi ataogopa bure, maana mashairi yaliyonukuliwa yote yatawaka rangi. Omba ripoti iondoe nukuu na marejeleo, ndipo usome kilichobaki. Cha kuhofia ni mapitio ya maandishi, pale mtu anapokopa aya ya tasnifu nyingine, akabadilisha "hata hivyo" kuwa "walakini".

Vyuo vingi sasa hudai pia makala moja iliyochapishwa katika jarida lenye wahakiki kabla ya uzamili kutolewa, na mbili kwa uzamifu. Jarida linalokubali makala kwa siku tatu, likitaja ada kabla ya kutaja hoja yoyote, si jarida. Tuma makala mapema, wakati bado unaandika sura ya mwisho, kwa kuwa uhakiki wa kweli huchukua miezi.

Mbele ya jopo

Ilani ya kuwasilisha tasnifu hutangulia kwa miezi kadhaa, ili idara itafute watahini wa ndani na wa nje. Anayechelewesha ilani anajichelewesha mwenyewe, na mtahini wa nje naye huchukua muda wake. Wakati wa utetezi una dakika 15 au 20 za kuzungumza. Usisome mapitio ya maandishi, jopo limeyasoma. Onyesha kitu chenyewe: mchoro, mstari wa wimbo, barua ya 1931. Swali la kwanza huwa la kuchagua, kwa nini majengo 6 na si 20, kwa nini soko la Kibuye na si la Jubilee. "Kwa sababu ya muda na fedha" ni kweli lakini si jibu. Sema 6 hayo yanawakilisha nini.

Wengi hupita kwa sharti la masahihisho. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa wa sasa. Usipokubaliana na hoja, andika kwa nini katika safu ya pili, kwa adabu, badala ya kuiruka. Jedwali likiwa kamili, msimamizi hutia sahihi kwa siku moja; likikosekana atalazimika kusoma kurasa 150 upya, na hatazisoma wiki hiyo.

Kabla ya kupeleka kwa mpiga jalada gumu, linganisha jina lililo kwenye jalada na lililo kwenye kitambulisho na kwenye rekodi za chuo, herufi kwa herufi. Achieng' mwenye alama ya ritifaa na Achieng asiye nayo ni watu wawili mbele ya karani wa mahafali, na orodha hufungwa mapema.